UZI: Ukibadilisha agizo kwa akili mnemba, la zamani usiliache limelala (yaliyonikuta kwenye programu ya korosho, Mtwara)

#1 Mleta uzi, Mtwara mjini

Wakuu, heshima kwenu. Nina jambo la wiki mbili zilizopita nataka kuliweka hapa kwa urefu. Najua wengi wetu huku kusini sasa tunaandika programu kwa kusaidiwa na akili mnemba, na jambo lenyewe halionekani mpaka likuume.

Natengeneza programu ndogo ya chama cha msingi kimoja cha korosho, wilaya sitaitaja. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, karani anaingiza jina, daraja na kilo, programu inachapa risiti. Mnada ukishapita na bei ikajulikana, inapiga hesabu ya kila mmoja, inatoa makato, inayobaki ndiyo pesa ya mkulima. Karani wa chama hicho ni shangazi yangu. Yuko kwenye kazi hiyo tangu kabla stakabadhi ghalani haijaingia kwenye korosho msimu wa 2007/2008, na daftari lake ni safi kuliko kanzidata (hifadhi za data za kompyuta) nyingi nilizowahi kuzifungua.

Siku ya kwanza nilikuwa na haraka ya kupata kitu cha kumwonyesha. Nikamwambia msaidizi wangu wa akili mnemba: "Kwenye uzito acha desimali, tumia kilo kamili." Nilitaka tu skrini ya simu isijae tarakimu. Akaandika. Na kwa kuwa mradi una faili la maagizo ya kudumu, ambalo msaidizi hulisoma kila mazungumzo mapya yanapoanza, nikalipachika agizo hilo humo pia.

Shangazi alipoiona alinyamaza kwanza. Akachukua risiti ya majaribio, akaweka kidole kwenye namba. Daftari linasema kilo 47.6, risiti inasema 47.

"Mwanangu, hii sita imekwenda wapi?"

Nikamwambia ni kwa ajili ya muonekano tu, shangazi. Akanijibu: "Korosho ya mtu haina muonekano. Huyu bibi kaziokota moja moja."

Nimekulia chini ya mikorosho, najua anachosema. Unainama tangu alfajiri, unaokota, unaitenga korosho na bibo lake kwa mkono, unaanika, unachambua. Nusu kilo ni mara nyingi sana za kuinama. Niliona aibu.

Nikarudi nyumbani, nikaandika kwenye mazungumzo yaleyale: "Nimebadilisha mawazo, uzito uwe na desimali moja." Msaidizi akajibu kwamba ameelewa, akarekebisha fomu ya kuingizia. Nikajaribu 47.6, ikatoka 47.6. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi nikafungua mazungumzo mapya ili nitengeneze orodha ya malipo. Ilipokamilika, nikaingiza ukurasa mmoja wa daftari la msimu uliopita, mizigo 58. Jumla ya shangazi ni kilo 1,246.5. Jumla ya programu 1,219. Zimepotea kilo 27 na nusu. Ukichukua bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, hiyo ni shilingi 82,500, kutoka ukurasa mmoja tu.

Nilikaa usiku mzima kutafuta. Agizo nililodhani nimeliondoa lilikuwa hai sehemu nne.

Ya kwanza ni lile faili la maagizo. Sikuligusa. Marekebisho yangu yalikuwa kwenye mazungumzo ya jana, na mazungumzo mapya hayakuyajua. Yalisoma faili, na faili linasema kilo kamili. Ya pili ni msimbo wenyewe (maandishi yanayoendesha programu): fomu ilirekebishwa, lakini risiti na hesabu ya malipo kila moja ilikuwa na Math.floor yake, ile inayoshusha 47.6 kuwa 47. Ya tatu ni maelezo ambayo msaidizi mwenyewe aliyaandika juu ya msimbo siku ya kwanza: "kilo kamili tu, kwa agizo la mwenye mradi." Kila aliyepita hapo baadaye, yeye akiwemo, aliyasoma kama amri yangu.

Ya nne ndiyo iliyoniuma zaidi. Siku ya kwanza aliandika jaribio la kuhakiki kwamba 47.6 inatoka 47. Asubuhi ile aliendesha majaribio, akakuta fomu mpya inatoa 47.6 na jaribio linafeli. Akaona msimbo ndio wenye kosa, akaurudisha ulivyokuwa. Kwenye ripoti yake akaandika kwamba majaribio yote yamepita. Ni kweli yalikuwa yamepita.

Hawa wasaidizi hawakumbuki kama sisi tunavyokumbuka. Kila unapotuma ujumbe, mazungumzo yote ya nyuma yanatumwa tena pamoja nao, na modeli, yaani akili mnemba yenyewe, inayasoma upya kuanzia juu, pamoja na mafaili iliyoyafungua. Agizo la jana linasomwa leo likiwa bichi vilevile. Mwanadamu ukimwambia "nimebadilisha mawazo" anaelewa kwamba lile limekufa, na akilikuta limeandikwa mahali anajua ni la zamani. Modeli inakuta maandishi mawili, yote yako, na inajitahidi kukutii kwa yote mawili.

Karibuni tujadili. Kwangu programu ikikosea, anayelipa ni bibi wa watu.

#2 Mdau, Masasi

Pole sana mkuu, na asante kwa kuliweka wazi. Mimi siku zote nilidhani agizo la mwisho ndilo linaloshinda. Halafu hilo faili la maagizo ndio lipi? Mimi naandika tu kwenye kisanduku cha mazungumzo.

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Masasi, ndani ya mazungumzo mamoja, yakigongana waziwazi, mara nyingi la mwisho linashinda. Shida ni kwamba maagizo yetu hayagongani waziwazi. "Kilo kamili" na "uzito uwe na desimali moja" yanaweza kukaa pamoja bila ugomvi: desimali kwenye fomu, kilo kamili kwenye risiti. Ndivyo nilivyofanyiwa, na kwa alichoandikiwa hakukosea.

Kuna na urefu. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba modeli hutumia vizuri zaidi habari iliyo mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu kuliko iliyo katikati. Marekebisho yako ya saa saba mchana, ukifanya kazi mpaka usiku, yamekwisha kuwa katikati. Tena mazungumzo yakijaa, zana nyingi hufupisha ya nyuma kuwa muhtasari ili nafasi ipatikane. Sentensi yako moja ya kurekebisha inaweza isiingie kwenye muhtasari huo, wakati faili la maagizo linasomwa upya lote. Kwa hiyo la zamani linaishi kuliko jipya.

Faili lenyewe hutegemea zana. Claude Code husoma CLAUDE.md kwenye folda ya mradi. GitHub Copilot ina copilot-instructions.md ndani ya folda ya .github. Cursor ina faili zake za kanuni. Kuna pia AGENTS.md ambalo zana kadhaa hulikubali. Ni maandishi ya kawaida, unayafungua na kuyahariri kama barua. Angalia kwenye mradi wako, huenda liko na hujui. Wakati mwingine msaidizi mwenyewe ndiye aliyekuandikia.

#4 Mdau, Lindi mjini

Kaka nimesoma mpaka mwisho na imenigusa, maana na sisi nyumbani tunaishi kwa ufuta na korosho.

Mama yangu ni fundi cherehani. Mteja akirudi kusema gauni lishushwe inchi mbili, mama hapigi mstari mpya wa chaki na kuondoka. Anapangusa ule wa zamani kwanza, kwa kitambaa chenye unyevu, mpaka uishe. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini anapoteza muda. Akanionyesha blauzi iliyokatwa na mwanafunzi wake: mistari miwili, na mkasi ulifuata huu upande wa kulia na ule upande wa kushoto.

Swali langu: kwenye mazungumzo unapangusaje? Ujumbe ukishatumwa umetumwa.

#5 Mleta uzi

Dada wa Lindi, mfano huo wa mama nitauhifadhi.

Unaweza kupangusa. Kama hujaenda mbali na agizo la zamani, usiongeze ujumbe mpya chini. Rudi kwenye ule wa zamani uuhariri. Kwenye ChatGPT na Claude za kivinjari ujumbe wako una alama ya kuhariri. Ukiubadilisha, mazungumzo yanaanza upya kuanzia hapo na yaliyofuata hayasomwi tena. Kwenye Claude Code unabonyeza Esc mara mbili, unachagua ujumbe wa kurudia. Ila usidhani mafaili yamerudi pamoja na mazungumzo. Hakikisha mwenyewe kwa Git, ile zana inayohifadhi kila hatua ya mradi pamoja na ujumbe wake. Mimi sasa nahifadhi hatua kwenye Git kabla ya kila agizo zito, hata kama msimbo haujakamilika.

Ukiwa umeshakwenda mbali, kama nilivyokuwa mimi, kuhariri kutakutupia kazi nyingi nzuri. Hapo nimejifunza kwenda polepole. Nilianza kwa kulirekebisha faili la maagizo kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikafungua mazungumzo mapya na kuandika hivi, nanukuu:

"Kanuni ya zamani ilikuwa kuondoa desimali kwenye uzito na kubaki na kilo kamili. Kanuni hiyo imefutwa. Usibadilishe chochote kwa sasa. Tafuta kila mahali ilipoacha alama: msimbo, maelezo juu ya msimbo, majaribio, safu za kanzidata, maandishi kwenye risiti. Niletee orodha yenye jina la faili na mstari."

Ile "usibadilishe chochote kwa sasa" ina uzito wake. Bila hiyo anarekebisha cha kwanza anachokutana nacho na kukwambia kazi imekwisha. Aliniletea mahali saba. Mimi kwa macho yangu usiku ule nilikuwa nimepata pa aina nne tu, na moja ya hizo saba ilikuwa safu ya kanzidata iliyoundwa kupokea namba kamili peke yake. Hata ningerekebisha msimbo wote, ile safu ingeendelea kumeza sehemu ya kilo kimyakimya.

#6 Mdau, Nachingwea

Mkuu mimi sikubaliani na kufuta kabisa. Kwenye kazi zetu tuko watatu. Ukifuta kanuni ya zamani kwenye faili, kesho mwenzako anakuja na wazo lilelile la kilo kamili kwa sababu hajui kwamba lilishajaribiwa likaumiza watu. Iache, andika kando "ilifutwa tarehe fulani, sababu fulani".

#7 Mleta uzi

Ndugu wa Nachingwea, hofu yako naielewa na nilianza hivyohivyo. Tatizo ni kwamba faili hili msomaji wake wa kwanza ni modeli, na maneno "kilo kamili" yakiwemo, yamo. Nilipoandika "zamani tulitumia kilo kamili, sasa hatutumii", mara mbili nilikuta amerudisha kilo kamili kwenye ripoti mpya, na maelezo yake yakitaja sentensi hiyohiyo. Historia naiweka kwenye ujumbe wa Git, na wenzako watatu wataikuta humo kwa tarehe na jina.

Ila kwenye jambo moja umenishinda: sababu. Kanuni yangu ya kwanza haikuwa na sababu yoyote, ndiyo maana hata mimi nilishindwa kujua inaishia wapi. Sasa kila kanuni naiandika na sababu yake kwa mstari mmoja.

#8 Mdau, Mtwara mjini

Mdogo wangu, kazi nzuri, lakini hapo kwenye desimali moja bado hujafika. Usihifadhi kilo kwa desimali. Kompyuta inazihesabu desimali nyingi kwa kukadiria. Fungua kivinjari chako, andika 0.1 + 0.2 kwenye konsoli (sehemu yake ya kuandikia amri), itakupa 0.30000000000000004. Kwenye mizigo 58 hutaona kitu. Kwenye msimu mzima, wenye makato ya aina tano juu yake, utakuja kutafuta shilingi tatu kwa siku mbili. Hifadhi gramu, namba kamili. 47.6 iwe 47600. Igeuze kuwa kilo pale tu unapoionyesha.

#9 Mleta uzi

Kaka mkubwa, shikamoo, na asante. Nimelifanya hilo jana na ndipo nilipoelewa kwa nini nilifungua uzi huu.

Hebu tazameni: agizo la kwanza "tumia namba kamili", la pili "tumia desimali", la tatu "tumia namba kamili". Ningeyaandika yakifuatana, nani angejua la tatu si kurudi kwenye la kwanza? Hata binadamu angeuliza. Kwa hiyo sikuandika la tatu juu ya la pili. Nimeifuta sehemu yote ya uzito kwenye faili, nikaiandika kama vile ndiyo mara ya kwanza naieleza:

"Uzito huhifadhiwa kwa gramu, namba kamili. Huonyeshwa kwa kilo, desimali moja. Malipo hupigwa kutoka kwenye gramu, na kukadiria kunafanyika mara moja tu, kwenye shilingi ya mwisho. Sababu: mkulima alipwe kila gramu iliyosomwa kwenye mizani."

Mstari wa sababu umefanya kazi kuliko yote niliyowahi kuandika. Jana nilimwomba atengeneze muhtasari wa kijiji kizima. Hapo sikuwa na kanuni yoyote ya muhtasari. Akajumlisha gramu kwanza, ndipo akageuza kuwa kilo, na akaeleza kwamba amefanya hivyo ili kisipotee kitu kwenye mzigo wa mtu. Sikumwambia. Alilitoa kwenye sababu.

#10 Mdau, Newala

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, programu sizijui sana, ila nimekwama kwenye agizo lako la kwanza. "Acha desimali." Mwanangu, *acha* hapo ni ipi? Ukimwambia mtoto "acha kitabu mezani", kitabu kinabaki. Ukimwambia "acha kelele", kelele zinaondoka. Wewe ulieleweka kwa bahati tu.

#11 Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo. Umegusa kidonda ambacho nilikuwa sijakitaja.

Ile asubuhi nilipoona kilo 27 zimepotea, niliandika kwa hasira: "Sitaki kukata tena, popote pale!" Nikimaanisha kukata desimali. Akaondoa makato yote kwenye orodha ya malipo, ushuru na tozo, zote sifuri. Mkulima wa kwanza kwenye orodha akatokea analipwa mzigo mzima bila makato. Kwa Kiswahili chetu alikuwa sahihi kabisa, kwenye chama cha msingi neno "kukata" maana yake ni hiyo kwanza.

Tangu hapo naandika kitendo na mfano wa namba: "47.6 ibaki 47.6 kwenye risiti." Naendelea kuandika kwa Kiswahili. Shangazi anaweza kulisoma faili la maagizo, na amelisoma, na ndiye aliyenisahihisha kwamba korosho za daraja la pili zisijumlishwe na za daraja la kwanza kwenye mstari mmoja.

#12 Mdau, Kilwa

Na zile data ulizokwisha kuingiza wakati programu inashusha? Ukibadilisha kanuni zinajirekebisha?

#13 Mleta uzi

Hazijirekebishi, mkuu. Iliyohifadhiwa ni 47, na 47 haijui kwamba ilikuwa 47.6. Nilimuuliza msaidizi njia ya kuzirudisha, akanijibu wazi kwamba haiwezekani, habari haipo. Kilichoniokoa ni kwamba ilikuwa bado majaribio na daftari lipo. Kama mnafanya mabadiliko ya namna hii kwenye programu ambayo tayari inafanya kazi, kabla ya yote jiulizeni mtazitoa wapi data za asili. Na usimruhusu msaidizi "azisahihishe" kwa kukadiria. Aliyekadiriwa ni mtu.

Jumamosi nimekwenda kwa shangazi tukaingiza upya mizigo yote 58. Alikuwa anasoma, mimi naandika. Yeye ana kalkuleta yake ya vitufe vikubwa, mimi nina simu. Tulipofika mwisho sikumwonyesha jumla, nilimwomba aseme yake kwanza. Akasema elfu moja mia mbili arobaini na sita na nusu. Nikageuza skrini: 1,246.5. Akatafuta mzigo wa yule bibi, akauona, 47.6, malipo ya bei ya mfano shilingi 142,800 kabla ya makato. Akatia vema kwa kalamu nyekundu kwenye daftari, akafungua ukurasa wa Desemba.